Mashine Mbili, Tundu Moja

Ziwa Tanganyika lilipofungwa Mei 15, 2024, tulielezwa mambo mengi kuhusu samaki. Tuliambiwa dagaa na migebuka wapewe miezi mitatu wazaliane kwa amani, kwamba nchi nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana hivyo, na kwamba wavuvi watarudi majini Agosti 15. Hakuna aliyetuambia sisi wake tuwafanye nini wanaume kwa miezi hiyo mitatu.

Baba Zainabu, mume wangu, si mvuvi. Ana pikapu, Toyota Hilux ya zamani, ambayo alfajiri hubeba dagaa kutoka Kibirizi kwenda soko la Mwanga, hapa Kigoma. Lakini ziwa likifungwa, na mwenye gari la dagaa amefungwa. Kwanza alilala usingizi aliokuwa akiudai kwa miaka. Kisha akapaka rangi banda la kuku, ambalo kuku wenyewe hawakuwahi kulilalamikia. Kisha akatandika gunia, akaingia chini ya gari, na alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepokea wito.

"Mama Zainabu," akasema, "sakafu imekwisha."

Mimi nilijua. Kila aliyewahi kukaa kiti cha abiria alijua. Barafu ya samaki ikiyeyuka pamoja na chumvi huteremka hadi kwenye kebini, hujificha chini ya kapeti na kula bati taratibu hadi litoboke. Mama mkwe wangu, anayekaa Ujiji, alikwishapoteza kandambili moja kupitia tundu hilo njiani akija kwetu, na alishuka getini na mguu mmoja mtupu akiuliza kama hilo ni gari au chekeche. Nyuma nako, fremu ya kushikilia bodi ilikuwa imeachia sehemu ya kiungo.

Fundi bati mmoja wa Mwanga aliliangalia gari, akagonga hapa na pale kwa nyundo, akataja bei. Haikuwa bei mbaya. Lakini Baba Zainabu alirudi nyumbani akipiga hesabu kwa vidole, na nikasikia ile sentensi ninayoiogopa kuliko hodi ya mdai: "Ukimlipa fundi, hela imeenda. Ukinunua mashine, mashine inabaki." Sentensi hiyo ndiyo iliyotuletea pampu ya maji isiyovuta maji na kitotoleo cha vifaranga tunachohifadhia unga.

Mashine ya kwanza ililetwa kwa mkokoteni, ikashushwa na vijana wanne. Ilikuwa mashine ya kusuka, ile inayotengenezwa na mafundi wetu wenyewe: sanduku la chuma lenye magurudumu, ndani yake transfoma. Kwa wasioijua, ni mabamba ya chuma yaliyopangwa pamoja, yakazungushiwa waya mara nyingi upande wa umeme wa ukutani na mara chache upande wa rodi, ili volti zishuke na ampea zipande. Haina saketi ya kuungua, na ikiharibika inasukwa upya hapa hapa mjini. Mageti mengi ya Kigoma yamechomelewa kwa mashine za aina hiyo, na sina ugomvi nazo. Ila mafundi wanaozitumia kutwa wamevuta umeme wa fezi tatu. Sisi tuna fezi moja, na fezi hiyo moja tunagawana na wapangaji wa vyumba vitatu vya uani.

Muuzaji aliapa kwamba waya ni kopa tupu. Alikwangua rangi kwa ncha ya kisu mahali alipochagua yeye, tukaona wekundu, tukatoa hela.

Baba Zainabu alikuwa na imani kwamba usiku umeme huwa na nguvu, kwa kuwa watu wamezima pasi na majiko. Imani hiyo si ya kipuuzi. Aliyekulia mji huu anakumbuka miaka ya majenereta ya dizeli, na tulizoea kupanga maisha kwa kuvizia umeme. Kosa lake lilikuwa kuchagua usiku wa Julai 14. Mpira haumhusu, kwa hiyo hakujua kwamba huko Berlin Hispania na Uingereza walikuwa wanacheza fainali ya Ulaya, na kwamba mpangaji wetu wa chumba cha kati, shabiki wa kufa wa Uingereza, alikuwa amejaza chumba chake wageni.

Mechi ilianza saa nne usiku kwa saa zetu. Hispania wakatangulia kipindi cha pili. Cole Palmer aliposawazisha, uani kulilia kelele hata ndege ya abiria ingeahirisha kutua. Uwanja wa ndege uko upande wetu huu wa Katubuka. Baba Zainabu alizichukua kelele zile kama ishara njema. Akavaa miwani, akashika rodi, akaigusisha kwenye bati.

Mashine ilinguruma. Taa za nyumba nzima zikawa nyekundu kisha zikawa hafifu kabisa. Friji langu likatoa mkoromo na kunyamaza. Rodi ikanasa kwenye bati, na rodi ikinasa kwenye mashine ya namna ile, umeme unavutwa bila huruma. Baba Zainabu akawa anaitingisha aing'oe huku uani televisheni imezima na king'amuzi kinajiwasha upya kwa mwendo wake wa kibarua wa serikali. Kiliporudi hewani, Oyarzabal alikuwa amekwishafunga la pili, dakika ya 86, na Wahispania walikuwa wanakumbatiana. Mpangaji wetu hakuliona lile bao. Alitoka nje pole pole, wageni nyuma yake, akasimama mbele ya Baba Zainabu aliyekuwa bado ameshika rodi iliyonasa.

"Mzee," akasema kwa heshima iliyonitisha kuliko matusi, "hiyo mashine umeinunua lini, na utairudisha lini?"

Asubuhi kulikuwa na kikao. Wapangaji walidai yuniti za Luku zimeliwa zote na mashine, na kwamba wao hawachangi tena. Hapa nilisimama upande wa mume wangu, kwa sababu niliangalia mita mwenyewe. Yuniti zilizokwenda hazikufikia hata mbili. Kuchomelea hakuli yuniti kama watu wanavyodhani, maana muda mwingi fundi anakata, anapiga brashi, anapima na kugombana na klampu. Moto wenyewe unawaka dakika chache. Pasi ya mpangaji wa chumba cha mwisho, anayenyoosha hadi soksi, inakula zaidi kwa wiki. Umeme wetu haukuisha usiku ule. Ulishuka. Mashine ilivuta mkondo mkubwa kwa mkupuo kupitia nyaya nyembamba za nyumba, volti zikaanguka kwa kila mtu aliye kwenye mita ile.

Hata hivyo nilimwonya pembeni kuhusu jambo lingine. Wenye matumizi madogo wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi hununua umeme kwa bei ya chini. Ukizoea kuvuka hapo unahamishiwa bei ya wakubwa, na kurudi ni safari. Gereji ya uani inaweza kukuvusha bila wewe kujua.

Mashine ya kusuka ikaingia stoo. Vijana wanne waliitwa tena.

Mtu mwenye akili angerudi kwa fundi wa Mwanga. Baba Zainabu alirudi kwenye simu. Kariakoo kuna mtu wa kila kitu, na mtu wa mashine alimtumia picha: kisanduku cha inveta, chekundu, chenye mkanda wa kuning'iniza begani, na ubavuni kimeandikwa kwa tarakimu kubwa 300. Bei yake ilikuwa laki mbili na kidogo. Inveta hufanya kazi ileile ya transfoma kwa saketi za kielektroniki zinazowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ndiyo maana transfoma yake ya ndani inaweza kuwa ndogo na chombo kizima mtoto akakibeba. "Ampea mia tatu, Mama Zainabu! Ile ya stoo ina mia mbili tu."

Ilifika kwa basi. Zainabu, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyefungua boksi, akasoma maandishi, akaenda kuchukua daftari la fizikia. Nilimwona anatazama plagi, anaandika, anatazama tena plagi.

"Baba, hii namba si kweli."

"Imeandikwa na kiwanda."

"Ngoja." Akakaa chini. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230, hiyo ni wati 2,990, tuseme kilowati tatu, hakuna zaidi. Rodi ikiwaka kwa ampea 300 hutaka volti kama 32 kwenye moto wake, na 300 mara 32 ni wati 9,600, kabla hujahesabu zinazopotea kama joto ndani ya mashine. "Hizo wati 9,600 zinapita wapi, Baba? Kwenye waya huu?" Akauinua waya wa ekstenshen, ule ule tunaochajia simu.

Kisha akafanya hesabu kwa upande mwingine, na hii ndiyo ningependa kila anayewaza kununua mashine ya nyumbani aifanye kabla hajatuma hela. Rodi ya milimita 2.5, ambayo inatosha geti, fremu na stendi nyingi za nyumbani, hutaka ampea kama 60 hadi 90. Kwa ampea 90, moto wake hutaka volti 23 na ushee, yaani wati 2,100 hivi. Ongeza zinazopotea, unafika 2,600 au 2,700. Plagi ya ukutani inabeba hapo, kwa shida kidogo. Kwa hiyo nyumba ya fezi moja inataka mashine ya ampea 120 au 160 zilizo za kweli, na zinazobaki juu ya boksi ni rangi tu. Afadhali utafute maandishi madogo nyuma: mashine inavumilia volti zikishuka hadi ngapi, maana zipo zinazofanya kazi hata kwenye 160, na inaweza kuchoma kwa asilimia ngapi ya muda. Asilimia 20 maana yake katika kila dakika 10 unachoma mbili na kuiacha ipumue nane. Yetu iliandikwa 60. Taa ya njano ya joto ilituambia vingine.

Baba Zainabu alimsikiliza mwanawe kwa fahari kubwa, akamsifu, akazungusha swichi ya ampea hadi mwisho kabisa.

Sasa, bati la sakafu ya gari ni jembamba. Halifikii hata milimita moja, na la kwetu lilikuwa limeliwa na kutu kwa miaka. Rodi ya 2.5 ilipoligusa, tundu la ukubwa wa kandambili likawa la ukubwa wa sinia. Akasogea pembeni atafute bati zima, akatoboa na huko. Kila alipoziba mahali pamoja, pawili paliachia. Mdogo wangu Hamisi, anayemwita Baba Zainabu shemeji kwa mapenzi yote, alikuwa amechuchumaa mlangoni akimulika tochi na kuhesabu kwa sauti. Machoni alikuwa na miwani ya jua ya sokoni.

Kapeti la kebini lilikuwa limetolewa. Nusu. Lile lililokunjwa chini ya dashibodi likaanza kutoa moshi, halafu moshi ukapata ulimi mwekundu. Nilikimbilia ukutani nikachomoa plagi. Mama mkwe, aliyekuwa uani na karai la mihogo aliyoiloweka, hakusubiri maelezo. Alimwaga karai zima ndani ya kebini, maji na mihogo.

Aliyewahi kukaa karibu na mihogo iliyolowekwa hadi kulainika anajua ile harufu. Gari letu lilishazoeleka kunuka dagaa, na watu walisamehe. Harufu ya mihogo chachu juu ya kapeti lililoungua hakuna aliyeisamehe. Moto ulizima lakini. Na Baba Zainabu alipokwisha kujipangusa, mama yake alimuuliza swali moja tu: betri aliichomoa? Hakuichomoa. Alipaswa kuichomoa kabla ya yote, maana umeme wa kuchomelea ukipotea njia hurudi kupitia altaneta na vifaa vingine vya gari. Mama mkwe hajawahi kuendesha hata baiskeli. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori.

Usiku Hamisi aliamka akilia. Alisema macho yamejaa mchanga, hawezi kuyafumbua, machozi yanatiririka. Mwanga wa kuchomelea una miale inayounguza uso wa jicho bila mtu kusikia chochote wakati ule. Maumivu hungoja saa kadhaa, mara nyingi hadi usiku. Mama mkwe alimkatia viazi mviringo vya baridi akamfunika navyo, na Hamisi akasema vinampooza. Viazi havikumdhuru, lakini alfajiri nilimpeleka hospitali ya Maweni, akapewa dawa ya matone na amri ya kukaa gizani. Baada ya siku mbili alikuwa mzima, akisimulia mtaa mzima. Miwani ya jua haizuii kitu pale. Kinachotakiwa ni kinyago chenye kioo cheusi, namba 10 kwa kazi ndogo kama zetu, na kila anayetazama awe nacho au ageuze uso. Kinyago kizuri, glovu za ngozi, grainda, brashi ya waya, rodi, waya mnene wa umeme: nilipojumlisha, vilikaribia bei ya mashine yenyewe. Muuzaji wa Kariakoo hakuweka hivyo kwenye picha.

Tulipofikia hapo, nilimwita mzee mmoja jirani aliyestaafu kazi za karakana. Alikuja na fimbo yake, akazunguka Hilux, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Aliomba aione kwanza mashine ya stoo. Akakwangua waya mahali ambapo muuzaji hakupakwangua, na chini ya ile rangi nyekundu kukatokea weupe wa aluminiamu. Hakusema kitu. Aliifunika tena.

Kuhusu gari alisema bati kama lile linataka mashine ya waya, ile ya MIG, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 unaojisukuma wenyewe na gesi inayolinda moto, kwa ampea ndogo, nukta kwa nukta, unaruka huku na kule ili bati lisipate joto. "Lakini kabla hujainunua, jiulize mtungi wa gesi ukiisha utaujaza wapi. Kama jibu ni Dar es Salaam, hiyo mashine si ya kwako." Upo waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi, akasema, ila unachoma kwa joto zaidi, na kwa mkono wa mwanafunzi utatoboa vilevile. Alimtazama Baba Zainabu kwa upole aliposema mwanafunzi.

"Kwa nini unang'ang'ania kuchomelea sakafu?" akaendelea. "Liemba imechomelewa na nani?"

Kila mtoto wa Kigoma anaijua Liemba kama meli. Mzee aliieleza kama kazi ya fundi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi huku. Anton Rüter na wenzake wawili walitumwa kuiunga upya, wakiwa na vibarua wengi wa hapa, na mwaka 1915 ikaingia majini kwa jina la Graf von Goetzen. Bamba kwa bamba ilishikanishwa kwa riveti zilizopashwa moto na kupigwa nyundo. Kuchomelea meli kwa umeme hakukuwa kazi ya zama zile. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wakikimbia vita, wakiwa wamezipaka mashine zake grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. "Imekaa chini ya maji miaka kadhaa, riveti hazikuachia. Wewe unabeba dagaa."

Mama mkwe aliipenda hoja hiyo kuliko wote.

Basi bati lililooza likakatwa kwa grainda hadi kwenye chuma kizima. Likapimwa bati jipya la milimita moja lililolalia kingo kila upande, likapakwa dawa ya kutu pande zote mbili, likawekewa gundi ya kuzuia maji kwenye ungio, likapigwa riveti za kubana kwa mkono, karibu karibu. Mzee alisisitiza kwamba njia hiyo ni ya kiraka cha katikati ya sakafu tu. Panapofungwa mkanda wa kiti, penye kiti chenyewe au kwenye chesisi hapafanyiwi riveti za dukani wala mazoezi ya nyumbani. Hapo unalipa fundi anayejua. Tulimlipa yule wa Mwanga kwa sehemu moja ya namna hiyo, kwa bei ileile aliyoitaja mwanzo.

Fremu ya nyuma aliichomelea Baba Zainabu mwenyewe. Ni chuma cha milimita tatu, kinachovumilia rodi ya 2.5. Inveta aliiweka ampea 80, si 300, akaiunganisha kwa waya mnene usio na ekstenshen, mchana kweupe, betri ikiwa imechomolewa, ndoo ya mchanga pembeni na kinyago usoni. Taa za nyumba hazikutikisika. Mpangaji wa chumba cha kati alitoka kutazama, akageuza uso kama alivyoelekezwa. Mchomo wenyewe una vinundu, lakini mzee aliugonga kwa nyundo, akaondoa gamba, akatafuta ufa, akasema utabeba.

Agosti 15 ziwa lilifunguliwa, Hilux ikashuka Kibirizi ikinuka mihogo kidogo, na sakafu yake haijavuja. Inveta tumeibakiza, na Baba Zainabu hupokea kazi za mageti na stendi za masufuria. Sakafu za magari hapokei.

Mashine ya kusuka bado iko stoo na inauzwa. Ni ya aluminiamu, nasema wazi, na inafaa kwa mwenye fezi tatu au kwa mtu wa vyuma chakavu. Bei tutaelewana. Watu wanne wa kuibeba njoo nao mwenyewe.